"Orodha Imefunguliwa": Kisa cha Tangazo la Utafiti Lamu

Majina ya watu, kijiji, chuo na kurasa zilizotumika nimeyaondoa, na idadi ndogondogo nimezibadili kidogo ili mtu asitambulike kwa hesabu. Mimi nilikuwa mfasiri wa mradi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kosa la kwanza katika kisa hiki ni la tafsiri, na tafsiri ilikuwa yangu.

Nyuma ya kisa

Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba ujenzi wa bandari ya Lamu, ule wa mradi wa LAPSSET (ukanda wa usafirishaji kutoka Lamu hadi Sudan Kusini na Ethiopia) kule Kililana, umekiuka haki za wenyeji, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tangu hapo neno "orodha" si neno jepesi Lamu. Majina yalikusanywa, yakahakikiwa, yakarudi kuhakikiwa tena. Wapo waliolalamika kwamba wameachwa, na wapo walioapa kwamba humo mna watu wasiojua hata kutia chambo. Gati ya kwanza ilipofunguliwa Mei 2021, mambo ya fidia yalikuwa bado yanazungumzwa kwenye mabaraza kila jioni.

Katika hali hiyo ikaja timu ya watu wanne kutoka chuo kimoja. Walitaka kujua nyumba za wavuvi zimejikimu vipi tangu maeneo ya karibu na pwani yachimbuliwe kupitisha meli: kipato, madeni, usingizi, wasiwasi. Walikuwa na idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, na walikuwa wamepiga hodi kwa wakuu wa kaunti. Kwa karatasi, hawakukosa kitu.

Mpango wa awali ulikuwa kwenda kijiji kwa kijiji kupitia kamati za BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe. Kisha kusi ikaingia. Bahari ikawa mbaya, mashua ya kukodi ya kwenda visiwani ikawa ghali, na muda wa fedha za mradi ulikuwa unakatika. Kiongozi wa timu akaiandikia kamati kuomba atafute washiriki kwa Facebook na WhatsApp, wajaze dodoso wenyewe kwenye simu. Kamati ikakubali. Iliyasoma maneno ya tangazo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Haikuuliza litabandikwa wapi, litaambatana na picha gani, wala nani atakuwa macho kujibu watu.

Maneno niliyoyachagua

Tangazo lilisema hivi:

"Je, wewe ni mvuvi uliyeathirika na ujenzi wa bandari? Jisajili hapa ushiriki katika utafiti wetu. Utaweka jina, nambari ya simu na tarakimu nne za mwisho za kitambulisho. Ukimaliza utapata salio la shilingi 200. Kushiriki ni hiari."

Lisome ukiwa umekaa ofisini Nairobi, huoni neno. Lisome ukiwa umekaa Mkunguni, pale uwanjani katikati ya mji wa Lamu. "Mvuvi aliyeathirika" ndiyo lugha iliyotumika miaka yote ya kesi. "Kujisajili" ndicho watu walichoambiwa wafanye ili majina yaende mbele. Kitambulisho ndicho kilichoulizwa kila uhakiki. Tarakimu nne tulizitaka ili mtu mmoja asijaze mara mbili, basi. Lakini msomaji hakuwa na njia ya kujua nia yetu. Alichokuwa nacho ni maneno, na maneno hayo yalikuwa na kazi nyingine kabla hatujayaazima.

Ningeweza kuandika "tunaomba kuzungumza na wavuvi". Sikuandika. Nilitaka tangazo lisomeke kama tangazo.

Juu ya maneno hayo, mwenzetu mmoja akaweka picha ya meli ya kuchimbua na dau mbele yake. Picha nzuri kweli. Ilimaliza kazi niliyoianza.

Alhamisi usiku hadi Jumamosi

Tangazo liliwekwa Alhamisi baada ya isha, saa ambazo watu wako kwenye simu: kwenye ukurasa mmoja wa Facebook wa habari za mtaa, na katika vikundi vitatu vya WhatsApp. Katika vikundi hivyo hatukuingia wenyewe. Tuliwatumia admini, nao wakabandika. Tuliona ni heshima kupitia kwa wenyewe, na bado naona hivyo, ila hatukukaa nao kwanza tukawaeleza kitu hicho ni nini.

Chini ya saa moja, maoni kwenye Facebook yalishajaa majina kamili na nambari za simu. "Niandikeni na mimi." "Na ndugu yangu yuko baharini, nimuandikie?" Wengine walieleza shida zao hapohapo mbele ya watu. Mmoja aliandika kwamba tangu auze mashine ya mashua halali usiku. Hakuna aliyewaambia wasiandike hapo. Mlango wa maoni tuliuacha wazi kwa sababu tulifikiri maswali yatakuwa machache na kujibu hadharani kutasaidia wengi.

Mnamo saa nne usiku admini mmoja, mtu mwema na mwenye kuaminika, alichoka kuulizwa kitu kimoja na watu hamsini. Akatoa ujumbe wa sauti wa sekunde kama arubaini. Kiini chake: "Jamani, orodha imefunguliwa tena. Wale mlioachwa mara ya kwanza, linki hiyo hapo, andikeni kabla hawajafunga." Ule wa sauti ndio uliosafiri. Ulifika visiwani, Mokowe, Malindi, Mombasa kwa watu wa Lamu walioko huko. Kufikia asubuhi kwangu uliingia mara tatu kutoka kwa watu wasiojuana, umeshapata alama ya mishale miwili inayoonyesha umesambazwa mara nyingi. Tangazo letu lenye neno "hiari" halikuwa limeambatana nao.

Ijumaa fomu ilikuwa na majibu zaidi ya 400. Tulikuwa tumepanga 120. Vijana wa saiba, maduka ya intaneti mjini, waliona soko: shilingi 50 kumjazia mtu fomu. Akina mama walipanga foleni na nakala za vitambulisho vya waume zao. Mzee mmoja alikuja kwa mashua kutoka kisiwani, katika bahari ile, na bahasha ya plastiki kifuani: kitambulisho, leseni ya uvuvi, kadi ya BMU, karatasi za uhakiki wa zamani zilizokunjwa hadi zimekatika. Alitaka kujua ofisi iko wapi. Ofisi haikuwapo. Kulikuwa na mimi, kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, na kompyuta.

Kisha Ijumaa jioni mtu akapiga skrinishoti za yale maoni ya Facebook, akazishona pamoja, akazirusha kikundini kama "orodha ya kwanza". Yule aliyesema halali usiku akawa kichekesho cha vijana kwa siku mbili.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna nje ya timu aliyelijua. Ndani ya dodoso tulikuwa tumeweka yale maswali tisa yanayotumika sana hospitalini kupima dalili za sonona, PHQ-9. Swali la tisa huuliza kama mtu amekuwa akiwaza kwamba ni heri afe, au ajidhuru. Kwenye mahojiano ya ana kwa ana, msaili akisikia "ndiyo" hapo anasimamisha kila kitu. Kwenye fomu ya simu, jibu huingia kwenye jedwali saa saba za usiku na jedwali halishtuki. Jumamosi asubuhi nilipofungua safu hiyo, watu saba walikuwa wameweka alama.

Tulivyoamua, na kwa nini

Kikao kilikuwa cha simu, na hakikuwa cha upole.

Kiongozi alitaka fomu iachwe wazi, kisha wasio wavuvi wachujwe baadaye. Hoja yake haikuwa ya kijinga: kuifunga ghafla kungethibitisha kwa watu kwamba kweli ilikuwa orodha na kwamba wamechelewa. Mimi na msaidizi wa pale tulisema kila saa inayopita watu wanalipa shilingi 50 kwa kitu kisichokuwapo. Tukaifunga Jumamosi mchana, na mahali pake tukaweka maneno: "Hii haikuwa orodha ya fidia. Ilikuwa utafiti wa chuo. Haina uhusiano na kesi wala na malipo. Tunaomba radhi kwa kutoeleza vizuri." Chini yake nambari ya simu ya mtu, si barua pepe.

Wale saba ndio walioleta ubishi mkubwa. Fomu iliahidi kwamba nambari ya simu itatumika kutuma salio tu. Kuwapigia ni kuvunja ahadi. Kutowapigia ni kujua na kunyamaza. Isitoshe, wakati ule kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu bado kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai (Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025), kwa hiyo hata kuuliza kulikuwa na hofu yake. Tuliamua kupiga. Alipiga muuguzi wa kike mwenye uzoefu wa ushauri nasaha, mzaliwa wa kaunti hiyo, na tulimpa jambo moja la kuzingatia kuliko yote: asitaje dodoso mpaka awe na hakika anazungumza na aliyejibu. Simu za kwetu ni simu za nyumba. Nambari moja ilikuwa ya mume, aliyejaza ni mke. Muuguzi akasema anamtafuta kwa habari za kliniki, akaomba apigiwe baadaye. Hiyo nayo ni hila, na nimeiwaza mara nyingi. Aliwapata watano. Wawili wakakubali kupelekwa hospitalini na mtu wao.

Salio tulilituma kwa wote waliomaliza fomu, hata tuliowashuku kujaza mara mbili. Tuliahidi, tukalipa. Uamuzi huo ulikuwa sawa na uliharibu mambo. Shilingi 200 zilipoanza kuingia Jumapili, habari ilikuwa kwamba wameanza kulipa.

Kamati ya maadili tuliipa taarifa Jumatatu asubuhi. Kuhusu Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, mmoja wetu alishikilia kwamba skrinishoti zilitoka kwenye maoni ya hadharani, hazikutoka kwenye fomu yetu, kwa hiyo hapakuvuja kitu. Sheria ya mwaka 2019 inatoa saa 72 tangu ujue taarifa za watu zimefikiwa na wasiohusika na wanaweza kudhurika. Tuliona kubishana juu ya nani mwenye ukurasa ni kupoteza hizo saa. Tukapeleka taarifa.

Yaliyofuata

Masahihisho tuliyoandika hayakwenda popote. Yalisomwa na wale ambao tangu mwanzo hawakuwa wameuamini uvumi. Kilichosaidia ni yule admini kurudi kwa sauti yake ileile, akasema alielewa vibaya na si lawama ya mtu mwingine (kwa ukarimu uliotuzidi). Tuliomba pia msikitini. Imamu hakutaka jambo hilo liingie kwenye khutba, na alikuwa na haki, lakini baada ya swala ya Ijumaa iliyofuata alimruhusu msaidizi wetu asimame nje pamoja na matangazo ya vyombo vilivyopotea na harusi. Ilichukua wiki moja kamili kuzima kilichowaka kwa sekunde arubaini.

Majibu yote tuliyafuta. Kiongozi aliuma meno, kwa sababu ndani yake palikuwa na mambo ya maana. Lakini mtu aliyejibu kuhusu kipato chake akidhani anahesabiwa hasara ili alipwe, hakukubali utafiti. Alikubali kitu kingine. Pia, kusema kweli, data yenyewe ilikuwa imepinda: nani atasema amepata samaki wa kutosha kwa mtu anayeamini anaandika fidia?

Fedha za saiba hazikurudishwa na mtu yeyote. Tulijadili kuwarejeshea watu, tukashindwa kujua nani alilipa. Hilo nalihesabu deni.

Miezi miwili baadaye utafiti ulianza upya kwa njia ya zamani: kikao na BMU, kisha nyumba kwa nyumba. Walioshiriki walikuwa 64.

Uchambuzi

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, katika mwongozo wake wa kutafuta washiriki, huhesabu tangazo kuwa mwanzo wa mchakato wa ridhaa yenyewe. Nilikuwa nimelisoma hilo na kulipita. Kwangu ridhaa ilikuwa ule ukurasa wenye kisanduku cha "Nakubali". Kisa hiki kinaonyesha kwamba wengi wa wale 400 walikuwa wameshakubali kabla ya kufika kwenye kisanduku. Walikubali waliposikia sauti ya mtu wanayemwamini. Ukurasa wetu wa maelezo, pamoja na aya zake sita, walioupitia waliupitia kama unavyopita masharti ya programu ya simu: kidole kinashuka mpaka kinakuta kitufe.

Hapa ndipo mitandao inapotofautiana na karatasi iliyobandikwa ukutani. Karatasi ya ukutani ikieleweka vibaya, unakwenda kuibandua. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili na ushei, lakini nakala iliyoshasambazwa haifutiki nao, na maelezo ya sauti yaliyozaliwa kutokana nao si yako kabisa. Kwa hiyo kazi ya mtafiti ni kuuliza mapema: mtu wa tatu kulipokea hili atakuwa ameongeza nini? Lamu jibu lingepatikana kwa chai moja. Tulikuwa na msaidizi wa pale na hatukumwonyesha tangazo mpaka lilipokuwa limekwisha kubandikwa. Mimi mwenyewe ni mtu wa pwani, ila si wa kule, na nilijiona natosha.

Juu ya admini. Kamati za maadili humwita mtu wa aina hii mlinda lango, na hutosheka akisema ndiyo. Lakini admini wa kikundi cha wavuvi hafungui lango tu, anatafsiri. Tulimpa maneno bila maana, akayapa maana aliyokuwa nayo. Tungekaa naye nusu saa, tukatoa pamoja ujumbe wa sauti wenye sentensi ya kwanza "hii si fidia", pengine kisa hiki kisingekuwapo. Na sentensi hiyo ilipaswa kuwa ya kwanza hata kwenye maandishi. "Kushiriki ni hiari" haimwambii mtu kitu. Hata kujiandikisha fidia ni hiari.

Kuhusu maoni ya hadharani, sina la kutetea. Kuyazuia ni kazi ndogo. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data, hali ya afya ya mtu ni taarifa nyeti, na taarifa za mali yake pia, kwa hiyo mtu aliyeandika kwamba ameuza mashine na halali usiku alikuwa ameweka hadharani aina mbili kwa mstari mmoja, chini ya tangazo letu. Kusema "aliandika mwenyewe" hakutoshi wakati tulimwekea kalamu na ukuta. Kikundi cha WhatsApp kina mtego wake pia: kila mwanakikundi huona nambari za wengine, hivyo kuunda kikundi cha washiriki ni kuwatangaza wao kwa wao. Kuna mradi mwingine niliouona ukifanya hivyo kwa urahisi wa kutuma vikumbusho. Mtu akitaka kutuma vikumbusho, atume kwa mmoja mmoja.

Swali la tisa halikupaswa kuwa kwenye fomu isiyo na mtu nyuma yake. Ama liondolewe, ama pawe na zamu ya mtu anayesoma majibu usiku na mchana, na mshiriki aambiwe kabla ya kujibu kwamba akiweka alama hapo atapigiwa simu, na aulizwe nambari ipi ni salama na saa ngapi. Tungefanya hivyo, kupiga kusingekuwa kuvunja ahadi, na muuguzi asingehitaji hadithi ya kliniki.

Salio ni gumu zaidi. Shilingi 200 ni kidogo kiasi kwamba hakuna kamati itakayoiita kishawishi, na hapakuwa na ubaya kuilipa. Tatizo lilikuwa wakati na namna. Pesa iliyoingia kwenye simu bila maneno, katikati ya uvumi wa pesa, ikawa ushahidi. Mara ya pili tulitoa kilo mbili za mchele mkononi, baada ya mazungumzo, na hakuna aliyeziita malipo ya bandari.

Mitandao yenyewe siitupi. Kwa baadhi ya mambo, hasa yale ambayo mtu haonekani akiingia mlango fulani mchana, simu ndiyo njia ya pekee ya kumfikia bila kumwaibisha. Lakini ilituficha kitu. Tuliona majibu 400 tukadhani tumewafikia wavuvi. Wanaokwenda kamba na dema visiwani, wengi wenye simu za mulika mwizi zisizo na intaneti, hawakuwamo. Wanawake waliokuwamo wengi walijaza kwa majina ya waume. Wale 64 wa nyumba kwa nyumba walikuwa na wajane wanaonunua samaki ufukweni na kukaanga, watu ambao tangazo letu la "mvuvi" halikuwaita kabisa.

Yule mzee wa bahasha tulimfikia katika mzunguko wa pili. Alitukaribisha, akamtuma mjukuu alete kahawa. Nilimsomea maelezo mapya, ambayo sasa yalianza na "hii si fidia na haitaleta fidia". Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hii ni ya kusema tu?"

"Ya kusema tu, mzee wangu."

"Ya kusema nimeyasema sana, mwanangu. Kunywa kahawa."

Tukanywa. Jina lake halimo katika wale 64.